Kumbukumbu Isiyokumbuka: Uhakiki wa Istilahi za Mafaili ya Muda katika Mfumo wa Linux

Mjadala wa istilahi za kompyuta katika Kiswahili umeshughulikia zaidi majina ya vitu vinavyoshikika. Imebishaniwa kama mashine yenyewe iitwe kompyuta, tarakilishi au ngamizi. Kipanya kilipokewa bila upinzani. Kivinjari na nywila yalizua maswali ambayo hayajakwisha. Istilahi zinazotaja mambo yasiyoonekana hazikupata uangalifu wa kiasi hicho, ijapokuwa ndizo zinazomwongoza mtumiaji anapoamua aamini nini. Makala haya yanahakiki mbili kati ya hizo, kumbukumbu na hifadhi, pamoja na kivumishi kinachoambatana nazo, "-a muda". Hoja yake ni kwamba istilahi hizo, zinapotumiwa kueleza utaratibu wa Linux wa kuweka mafaili ya muda ndani ya RAM, humwahidi msikilizaji wa Kiswahili kinyume cha kile ambacho mashine inafanya. Kosa hilo laweza kuonekana dogo Dar es Salaam au Nairobi. Katika kijiji kama Katogota lina gharama.

Utaratibu wenyewe si mgumu kuueleza. Programu zinazoendeshwa katika Linux huhitaji mahali pa kuwekea vitu vyao vya kazi: nakala ya waraka unaosubiri kuchapwa, kiambatisho cha barua kilichofunguliwa ili kisomwe, vipande vya faili kubwa linalofunguliwa. Mahali hapo ni folda iitwayo /tmp. Kwa desturi ya zamani folda hiyo ilikuwa juu ya diski kama folda nyingine. Tangu matoleo ya 2.4 ya kiini cha Linux, yaliyoanza Januari 2001, kuna njia nyingine iitwayo tmpfs, jina ambalo mfumo wa SunOS ulikwisha kulitumia kabla yake. Kwa njia hii folda huonekana sawa na zote, ina mafaili yake na ruhusa zake, lakini yaliyomo hayaandikwi juu ya diski. Hukaa ndani ya RAM. Faida zake ni za kweli. RAM ina kasi kuliko diski yoyote. Diski za kielektroniki na kadi ndogo, ambazo huchakaa kwa kuandikwa mara kwa mara, hupumzishwa. Na mashine ikizimwa, masalia yote huondoka bila mtu kuyafagia. Hasara yake ni hiyo faida ya mwisho ikitazamwa upande wa pili: umeme ukikatika, hakuna kilichobaki. Fedora iliifanya tmpfs kuwa njia ya kawaida ya /tmp katika toleo lake la 18, lililotoka Januari 2013. Debian ikafuata katika toleo la 13, Agosti 2025. Kwa hiyo fundi anayeweka Debian hiyo mpya kwenye kompyuta kuukuu huipata tmpfs bila kuiomba, na yamkini bila kujua kwamba anayo.

Katogota ni kijiji cha Wafuliiru katika uwanda wa Ruzizi, teritware ya Uvira, kando ya barabara ya taifa namba 5 kati ya Kamanyola na Luvungi. Mto unaoupa uwanda jina lake huendesha mitambo ya umeme, Ruzizi I tangu mwishoni mwa miaka ya 1950 na Ruzizi II tangu 1989. Lakini kukaa karibu na mto si kukaa karibu na nyaya, na katika vijiji vya uwanda kompyuta mara nyingi hutegemea bamba la jua, betri na jenereta. Kompyuta yenyewe aghalabu imo katika kile ambacho Wakongomani huita "secrétariat public", yaani kibanda cha kuchapia, kutolea fotokopi na kuandikia barua za watu. Lugha za mahali hapo zimegawana kazi. Kifuliiru ni cha nyumbani. Kiswahili ni cha sokoni, barabarani na kanisani. Kifaransa ni cha ofisini na cha kioo cha kompyuta. Katiba ya Februari 2006 inakitaja Kiswahili miongoni mwa lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Lingala na Tshiluba, lakini programu zimewekwa kwa Kifaransa. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, ulifikiria msomaji anayeisoma istilahi juu ya kioo. Katika uwanda wa Ruzizi istilahi ya Kiswahili haisomwi, husikika: ni neno la karani anayemfafanulia mteja kwa Kiswahili kile kilichoandikwa kwa Kifaransa. Hilo linaiongezea uzito badala ya kuipunguzia, kwa sababu mteja hana kamusi wala mwongozo wa kurejea. Ana neno tu.

Hebu ichukuliwe hali moja ya kawaida. Mwanafunzi ametumiwa na mwalimu wake sura ya tasnifu iliyosahihishwa. Karani anaifungua moja kwa moja kutoka katika programu ya barua pepe. Baadhi ya programu hizo huweka kiambatisho kilichofunguliwa kwa namna hiyo ndani ya /tmp, kisha hulikabidhi faili kwa programu ya kuandikia. Ikiwa faili limefunguliwa kwa kusomwa tu, karani huombwa alipe jina jipya, na kompyuta humpendekezea folda ileile lilikotoka. Kazi inaanza. Kila baada ya dakika kumi karani, ambaye ni mtu makini, anabonyeza "Enregistrer" na kumwambia mwanafunzi: nimehifadhi. Mwanafunzi anauliza kama imo. Anajibiwa kwamba imo katika kumbukumbu ya mashine. Saa mbili baadaye betri inakwisha. Programu ya kuandikia yaweza kuwa imeacha nakala yake ya dharura mahali pengine. Yaweza pia isiwe. Faili lililohifadhiwa mara kumi na mbili halipo. Katika Kifaransa cha vyuo vya Kongo tasnifu huitwa "mémoire", na RAM nayo ni "mémoire", hivyo mwanafunzi anaweza kusema bila kutania kwamba "mémoire" imepotelea ndani ya "mémoire".

Ni rahisi kusema kwamba karani hakujua kazi yake. Lakini kila alilosema lilikuwa sahihi kwa mujibu wa istilahi zilizoenea. Alihifadhi, kwa sababu "hifadhi" ndiyo tafsiri ya kawaida ya tendo la kuandika faili. Faili lilikuwa katika kumbukumbu, kwa sababu "kumbukumbu" ndilo jina la RAM. Kilichomdanganya mteja ni maana ambazo maneno hayo yalikuwa nayo kabla ya kuingia kwenye mashine.

Neno kumbukumbu limetokana na kitenzi kumbuka kwa uradidi, na uradidi katika Kiswahili aghalabu huashiria jambo linalorudiwa au linaloendelea. Matumizi yake yanathibitisha hivyo. Kumbukumbu za mkutano ni maandishi yanayobaki baada ya wajumbe kutawanyika. Mtunza kumbukumbu ni mtumishi wa ofisi anayesimamia majalada. Tanzania ina Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa. Mnara wa kumbukumbu hujengwa kwa mawe. Kitabu cha tano cha Musa katika Biblia ya Muungano kinaitwa Kumbukumbu la Torati, na upatanisho wake wa "la", usio wa kawaida leo, umelifanya jina hilo lisikike kama la kitu chenye kimo. Katika matumizi yote hayo kumbukumbu ni kile kinachobaki baada ya tukio kupita. Neno halitaji uwezo wa akili peke yake. Linataja pia kitu kilichowekwa nje ya akili ili akili isichukue mzigo wote.

Kwa watu wa Katogota maana hiyo haina haja ya kutafutwa kamusini. Tarehe 14 Mei 2000, wakati wa vita vya pili vya Kongo, raia wa kijiji hicho waliuawa na wanajeshi. Mauaji hayo yametajwa katika ripoti ya Umoja wa Mataifa ya Oktoba 2010 juu ya ukiukaji mkubwa wa haki uliotendwa nchini kati ya 1993 na 2003. Idadi ya waliokufa hutofautiana sana kati ya taarifa na taarifa, na ndiyo sababu kila orodha ya majina, kila ushuhuda ulioandikwa, una thamani kupita karatasi yake. Anayesema pale "kumbukumbu ya tarehe 14 Mei" anasema juu ya jambo ambalo watu wamekataa lifutike. Neno hilohilo ndilo linalotumiwa kutaja sehemu ya kompyuta ambayo husahau yote mara tu umeme unapokatika.

Haitakuwa haki kuwatwika wanaistilahi wa Kiswahili lawama nzima. Neno lilikuwa na kasoro kabla halijatafsiriwa. Charles Babbage, alipobuni mashine yake ya uchanganuzi katika miaka ya 1830, aliigawa sehemu mbili na kuziita kwa majina ya viwanda vya nguo vya siku zake: kinu, ambamo hesabu hufanywa, na ghala, ambamo tarakimu hungoja. Wahandisi wa Uingereza waliendelea kusema ghala kwa muda mrefu baada ya hapo. Ni John von Neumann, katika rasimu yake ya 1945 kuhusu mashine ya EDVAC, aliyelieneza jina la kumbukumbu, akiilinganisha mashine na mfumo wa neva. Ulinganisho huo haukuwa na madhara makubwa siku zile. Katika miaka ya 1950 na 1960 kumbukumbu za kompyuta zilitengenezwa kwa pete ndogo za sumaku, na pete hizo zilibaki na yaliyomo hata mashine ilipozimwa. Zilikumbuka kweli. Mambo yaligeuka tangu 1970, vilipoingia sokoni vipande vya silikoni vya aina inayotumika hadi leo. Katika vipande hivyo kila herufi imekuwa chaji ndogo za umeme zinazovuja zenyewe, na mashine hulazimika kuzijaza upya, kwa kawaida kila baada ya milisekunde 64. RAM ya leo, kwa hiyo, haiwezi kutegemewa kukumbuka kwa nguvu zake yenyewe. Hukumbushwa mara kumi na tano hivi kwa sekunde, na anayeikumbusha ni umeme. Jina lilibaki ingawa kitu kilichopewa jina kilibadilika tabia. Kiswahili kilitafsiri jina.

Kifaransa, ambacho mafundi wa Uvira na Bukavu hujifunzia kazi, kiliiona tofauti hiyo na kuiwekea vivumishi: RAM ni "mémoire vive", kumbukumbu hai, na ile isiyobadilika ni "mémoire morte", kumbukumbu mfu. Baadhi ya mafundi hutafsiri neno kwa neno, wakasema kumbukumbu hai. Tafsiri hiyo inazidisha tatizo. Katika Kiswahili kilicho hai ndicho kinachodumu. Lugha hai ni ile inayosemwa, na kumbukumbu hai ya marehemu ni ile isiyofifia. Msikilizaji ataelewa kwamba kumbukumbu hai ndiyo ya kuaminiwa na kumbukumbu mfu ndiyo iliyopotea, ilhali katika mashine ile mfu ndiyo inayobaki na iliyo hai ndiyo inayotoweka.

Wapo watakaotetea istilahi iliyopo kwa kusema kwamba binadamu naye husahau, hivyo neno kumbukumbu halijawahi kuahidi udumifu. Hoja hii ina nguvu kuliko inavyodhaniwa, lakini haitoshi. Kiswahili kina msamiati wa kutosha wa kusahau, na karibu wote unataja upungufu wa polepole: kumbukumbu hufifia, hupotea taratibu, humtoka mtu uzeeni; aliyesahau hukumbushwa, na jambo humrudia. RAM haifanyi lolote kati ya hayo. Haififii wala haikumbushiki. Hakuna mzee wa kijiji aliyesahau namna hiyo. Utetezi wa pili, kwamba istilahi ni lakabu tu na mtumiaji atazoea, unawafaa wahandisi. Mhandisi asemapo kumbukumbu hafikirii mnara. Lakini istilahi hazitungwi kwa ajili ya wahandisi, ambao wanaelewana hata kwa vifupisho.

Neno hifadhi ni la hatari zaidi, kwa sababu ni kitenzi, na mtumiaji hulitenda. Asili yake ni Kiarabu, na katika Kiswahili limebeba pamoja maana ya kutunza na ya kulinda: hifadhi ya wanyama, hifadhi ya wakimbizi, kuhifadhi Kurani kwa moyo. Aliyehifadhi Kurani hakuiweka kichwani kwa jioni moja. Kwa watu wa uwanda wa Ruzizi, ambao tangu Oktoba 1996, vita vilipoanza katika sehemu za Uvira, wamekimbia makwao zaidi ya mara moja, kupewa hifadhi ni jambo lenye maana kamili: kuwekwa mahali ambapo kinachokufuata hakikufikii. Kompyuta inapotumia kitenzi hicho kwa faili lililopelekwa /tmp, imetumia neno zito kuliko zote kwa tendo jepesi kuliko yote.

Zaidi ya hapo, kitenzi hicho hakina ukweli kamili hata kwa faili linaloelekea kwenye diski. Linux haiandiki papo hapo. Hupokea faili katika RAM, humwambia mtumiaji kwamba kazi imekwisha, kisha huliandika kwenye diski baadaye kidogo. Kwa mpangilio wa kawaida, data iliyongoja sekunde 30 huhesabiwa kuwa imekawia na hupelekwa. Ndiyo sababu flashi ikichomolewa bila kuagwa huweza kukutwa tupu. Basi kuna hatua tatu ambazo lugha inazifanya moja: faili lipo katika RAM tu na halitakwenda popote, kama ilivyo katika tmpfs, faili lipo katika RAM na liko njiani, faili limefika. Neno hifadhi linafaa hatua ya tatu pekee. Kwa hatua ya kwanza Kiswahili kina kitenzi cha kawaida kisicho na ahadi yoyote, nacho ni weka. Kuweka ni kuweka. Kilichowekwa mezani huondolewa meza inapofutwa. Wakulima wa mpunga wa uwanda huu hawachanganyi mpunga ulioanikwa juu ya turubai kando ya barabara na mpunga uliotiwa katika magunia na kuingizwa ghalani, japokuwa ni mpunga uleule na ule wa turubai ndio ulio karibu na mkono. Wana kitenzi kwa kila hali. Mvua ikinyesha, hakuna anayesema kwamba mpunga ulioanikwa ulikuwa umehifadhiwa. Babbage alikuwa na ghala na kinu. Alichokosa ni turubai.

Kivumishi "-a muda" hakihitaji maneno mengi, lakini kina mtego wake. Neno muda ni kipimo kisicho na urefu; urefu wake hutokana na muktadha. Linux yenyewe ina folda mbili za muda. Yaliyomo katika /tmp hayana ahadi yoyote. Yaliyomo katika /var/tmp, kwa mujibu wa kanuni ya mpangilio wa mafaili inayofuatwa na mifumo mingi ya Linux, yanapaswa kubaki hata mashine ikizimwa na kuwashwa tena, na kwa hiyo folda hii haiwekwi katika tmpfs. Debian 13 iliyowekwa upya husafisha yote mawili, lakini kwa vipimo tofauti: siku 10 kwa /tmp, iwapo mashine haijazimwa kabla ya hapo, na siku 30 kwa /var/tmp. Kiswahili kinaziita zote mbili folda za muda, na tofauti inayoweza kuokoa tasnifu inapotea ndani ya kiunganishi "-a". Wakongomani waliosikia mpito ukitangazwa tarehe 24 Aprili 1990, na ambao waliendelea kuishi ndani yake hadi 1997, hawataona ajabu wakiambiwa kwamba kitu cha muda huweza kudumu. Kinachowaponyoka ni kinyume chake, yaani kitu cha muda kisichofika jioni.

Hadi hapa uhakiki umeitazama tmpfs kama mwizi. Istilahi hizo hizo, hata hivyo, zinaificha sifa yake nyingine, na huenda hilo ndilo kosa lake kubwa zaidi. Kibanda cha kuchapia ni mahali ambapo karatasi za watu wote hupita kwenye mashine moja: kitambulisho cha mpiga kura, hati ya shamba, barua ya mashtaka dhidi ya mwenye nguvu, ushuhuda wa aliyeona mauaji. Mteja akiondoka na karatasi yake huamini kwamba ameondoka na siri yake. Pale ambapo /tmp iko juu ya diski, sivyo: nakala za kazi hubaki hadi zisafishwe, na hata zikifutwa huenda zikafufuliwa na mtu mwenye ujuzi na nia. Pale ambapo /tmp imo katika tmpfs, kuzima mashine jioni ni kuzifuta. Mahali ambapo bunduki zimebadilisha mikono mara nyingi, mashine isiyokumbuka ni mlinzi wa mteja. Hapa kwa mara ya kwanza neno hifadhi linastahiki, lakini linastahiki kwa sababu faili halikuhifadhiwa. Mfasiri anayeita folda hiyo kumbukumbu humnyima karani sentensi ambayo ingemfaa: kwamba kilichochapwa leo hakitakuwamo kesho, na kwamba hiyo ni heri.

Sifa hiyo nayo ina mpaka. RAM inapoelemewa, Linux huweza kuhamishia sehemu ya mzigo wake, yaliyomo katika tmpfs yakiwamo, kwenye eneo la diski lililotengwa kwa kazi hiyo, na hapo kisichokumbukwa kikawa kimeandikwa. Anayeitegemea tmpfs kwa usiri hana budi kulizima eneo hilo au kulifunga kwa msimbo. Hali kadhalika ukubwa: isipoambiwa vingine, tmpfs hujiwekea kikomo cha nusu ya RAM yote. Katika kompyuta kuukuu yenye gigabaiti 2 nusu hiyo ni gigabaiti 1, na kitabu kizima kilichotolewa kwa skana katika ubora wa juu kinaweza kukikaribia. Ndipo mashine husema hakuna nafasi, ilhali diski ina nafasi tele. Na karani aliyefundishwa neno moja kwa RAM na diski, kwa kuwa mitaani zote mbili ni "memori", huanza kufuta picha za harusi za wateja bila faida. Ni mfano mwingine wa istilahi inayofanya kazi ya uharibifu kimyakimya.

Je, neno jipya litungwe? Historia ya tarakilishi inashauri tahadhari. Neno lilifundishwa shuleni Kenya, likaandikwa vitabuni, na bado kompyuta imebaki midomoni mwa wengi. Kumbukumbu kwa maana ya RAM imekwisha kuenea katika kamusi na programu, na kuiondoa kungeleta vurugu kuliko nafuu. Marekebisho yenye tumaini ni yale yanayogusa vitenzi, kwa sababu mtumiaji hukutana na kitenzi wakati ule ule anapoamua. Programu inapoandika ndani ya /tmp, iseme imeweka; iseme imehifadhi pale tu faili linapokuwa juu ya diski au flashi. Folda ya /tmp ingefaa kuitwa ya kupitia, na ile ya /var/tmp ikaachiwa "ya muda". "Kumbukumbu hai" iachwe. Wenye madaraka ya kusanifu, BAKITA na vyuo, wangeweza kuanza na hilo, kwa kuwa halidai neno lolote ambalo mkulima wa Katogota hanalo tayari.

Wakati hayo yakingojewa, kioo kitaendelea kusema "Enregistrer", tendo la kuandikisha daftarini, kama mtoto anavyoandikishwa kwa mwandishi wa vizazi, na karani ataendelea kulitafsiri kwa mdomo. Kwake yapo mambo mawili yanayowezekana leo bila kamati. La kwanza ni la fundi: akiona kwamba wateja hufanya kazi ndefu ndani ya viambatisho, anaweza kuizuia tmpfs ya /tmp kwa amri moja, "systemctl mask tmp.mount", kisha akawasha mashine upya na /tmp ikarudi juu ya diski, ataupoteza usiri uliotajwa, na ni juu yake kupima. La pili ni la karani mwenyewe, naye analihitaji hata kama fundi hakuja: kabla ya kuandika neno la kwanza, alihamishe faili kwenye flashi ya mteja, amwoneshe jina lake pale, na aseme "nimeweka" hadi flashi itakapoagwa na kuchomolewa. Hapo, mteja akiwa ameishika mkononi, aseme "nimehifadhi".